QUINCY JONES, MPIGA TARUMBETA NA MPANGAJI WA ORKESTRA KUBWA (1933-2024)

Ndugu msomaji, pengine utajiuliza: juu ya nini kijitabu chenye kuzungumzia desturi zetu kifungue mlango kwa mtu wa Chicago, kule Marekani? Jibu ni fupi. Sisi wenye kufundisha sekondari, kila mara tunapofika kwenye somo la historia ya Waafrika waliopelekwa ng'ambo, tunapenda kuwasikilizisha wanafunzi muziki kidogo. Tunaweka wimbo, tunawaambia: hii ni kazi ya Quincy Jones. Wanauliza: « Ni yeye anaimba? » Hapana. « Ni yeye anapiga gitaa? » Hapana. Mwaka fulani kijana mmoja wa nyuma kabisa akainua mkono: « Mwalimu, kama haimbi na hapigi, sasa anafanyaka nini? »

Darasa lilicheka, lakini ulizo lile lilitufuata mpaka nyumbani. Linatugusa sisi wenyewe. Katika orkestra zetu za zamani pia kulikuwa watu wenye walifanya kazi hiyo ambayo haionekani, na leo watoto wanajua mwimbaji, wanajua mpiga solo, basi. Ndiyo maana tunataka kueleza maisha ya huyu mmoja ambaye kazi yake ilijulikana.

Tuanze na kazi yenyewe. Orkestra kubwa ya jazi ina watu 16, 17 ao zaidi: tarumbeta nne, tromboni tatu ao nne, saksofoni tano, kisha piano, gitaa, besi na ngoma. Wote wakipiga bila mpango, ni kelele za soko siku ya Jumamosi. Mpangaji anachukua wimbo, mara nyingi wimbo ambao si yeye aliyeutunga, anauvunja vipande vipande, kisha anamwandikia kila mtu karatasi yake. Yeye ndiye anaamua nani aingie wa kwanza, nani anyamaze, saksofoni ziulize na tarumbeta zijibu, mahali gani wote wapige kwa nguvu, na mahali gani piano ibaki peke yake kama mtu mwenye kuwaza. Tena anapaswa kujua kila chombo kinasomaje. Piano ikipiga do, mpiga tarumbeta anaandikiwa re, mpiga saksofoni alto anaandikiwa la, na wote wanatoa sauti ile ile moja. Wenye waliimba katika kwaya ya parokia kwa sauti nne watatuelewa: wazidishe tu taabu ile mara nne.

Quincy Delight Jones alizaliwa tarehe 14 Machi 1933 ku mitaa ya kusini ya Chicago, wakati wa shida kubwa ya uchumi. Baba yake alikuwa seremala. Mama yake, Sarah, alikuwa mtu wa akili na masomo, lakini ugonjwa wa kichwa ulimshika, na Quincy akiwa na miaka saba hivi, mama alichukuliwa na kufungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Yeye na mdogo wake Lloyd wakapelekwa kwa muda kwa mama mzazi wa baba yao, huko Louisville katika jimbo la Kentucky. Quincy alisimulia mara nyingi kama mzee huyo alikuwa amepita katika utumwa, nyumba yake haikuwa na umeme, na siku ingine chakula kilikuwa panya. Tunayaandika haya si kwa kutafuta huruma. Tunataka msomaji aone umbali wa safari yenyewe.

Munamo mwaka wa 1943 baba alihamisha familia mpaka Bremerton, katika jimbo la Washington, juu kulikuwa kazi nyingi ya vita katika karakana ya meli. Huko ndiko kilitokea kisa ambacho Quincy hakuchoka kukisimulia. Akiwa na miaka 11, yeye na wenzake walivunja mlango wa jengo moja usiku ili waibe chakula. Walikula, wakashiba. Kisha yeye akazunguka peke yake, akafungua chumba kingine, na katika giza akaona piano. Akaigusa. Alisema kama tangu dakika ile alijua atafanya nini maisha yake yote. Sisi walimu hatuna ruhusa ya kusifu wizi, lakini tunakubali kama kuna mlango mmoja katika historia ya muziki ambao ilikuwa heri uvunjwe!

Shuleni alijaribu karibu kila chombo cha fanfari. Alipiga ngoma, akapuliza tuba, akashika tromboni (kwa sababu, alisema mwenyewe bila haya, katika maandamano wapiga tromboni wanatembea karibu na wasichana wenye kuongoza mstari), na mwisho akafika kwenye tarumbeta. Munamo 1947 familia ilihamia Seattle, mji mkubwa wa jirani, akaingia shule ya sekondari ya Garfield. Usiku walikuwa wakipiga katika vilabu: dansi ya wazungu jioni, kisha baa za weusi mpaka asubuhi. Munamo 1948 kikundi chao cha vijana, chini ya kiongozi wao Bumps Blackwell, kilimsindikiza mwimbaji Billie Holiday alipopita Seattle. Mtoto wa miaka 15!

Huko Seattle alipata walimu wawili, na hakuna hata mmoja wao mwenye alikuwa na diploma ya ualimu. Wa kwanza alikuwa Ray Charles. Huyu alikuwa ametoka Florida, kipofu, yatima, mkubwa wa Quincy kwa miaka miwili na nusu tu, lakini tayari alikuwa na nyumba yake na kazi yake. Yeye ndiye alimwonyesha ku piano namna sauti za shaba zinavyopangwa moja juu ya ingine. Wazia: kipofu anamfundisha mwenye macho kuandika. Wa pili alikuwa Clark Terry, mpiga tarumbeta wa Count Basie. Alipokuwa Seattle, alikuwa akimaliza kazi karibu na mapambazuko. Quincy akamwomba amfundishe asubuhi mapema kabla ya kwenda shule, saa ambayo mtu mzima huyo alitaka kulala. Terry akakubali. Aligundua kama kijana alikuwa anaweka tarumbeta vibaya ku midomo mpaka inatoka damu, akamrekebisha. Zaidi ya miaka 60 kisha pale, Quincy Jones alitoa mkono wake katika filamu ya mwaka wa 2014 yenye kuonyesha Clark Terry mzee, mgonjwa, akiwa kitandani na bado anafundisha kijana kipofu kupiga piano. Filamu ile ilikuwa lipo la deni.

Kuna kisa kingine ambacho tunakipenda sana kama walimu. Katika mpango wake wa kwanza kabisa, Quincy hakujua kama kuna alama zinazoandikwa mwanzoni mwa mstari ili kuonyesha noti gani ishushwe. Basi, juu ya karatasi ya kila mpigaji aliandika maneno: ukifika ku si, shusha kidogo, maana vile ilivyo inalia vibaya. Mkubwa mmoja wa orkestra akamwambia taratibu: kijana, weka alama ya bemoli mwanzoni, inatosha. Aliona haya, lakini masikio yake yalikuwa yamemwambia kweli; ni kalamu tu ilikuwa bado haijafika. Mara ngapi sisi tumemkata mwanafunzi pointi kwa ajili ya kalamu, bila kuuliza masikio yake yalisikia nini?

Lionel Hampton, mwenye orkestra kubwa yenye jina, alisikia kazi yake na kumchukua akiwa bado mwanafunzi. Kijana akapanda basi la orkestra, akakaa, akangoja safari ianze, akiogopa hata kushuka asije akaachwa. Bibi ya Hampton, Gladys, akaingia, akamwona: mtoto huyu anafanya nini hapa? Akamshusha. Kwanza masomo. Alimaliza sekondari, akapita kwa muda mfupi ku Chuo Kikuu cha Seattle, akapata nafasi ya kusoma muziki Boston, na munamo 1951 Hampton akamwita tena. Safari hii hakuna mtu alimshusha.

Munamo 1953 orkestra ya Hampton ilizunguka Ulaya. Mstari wa tarumbeta ulikuwa na Clifford Brown, Art Farmer na Quincy Jones. Msomaji mwenye kujua jazi atasimama hapa kidogo. Clifford Brown alikufa kwa ajali ya gari munamo 1956, akiwa na miaka 25, na mpaka leo wapiga tarumbeta wanamsoma. Quincy alikaa kando yake kila usiku. Tunafikiri ni pale ndipo alielewa kama hatakuwa mkubwa wa tarumbeta. Si aibu. Kuna watu wanaokaa kando ya mwenye kipaji na kujaa wivu. Yeye alianza kumwandikia. Hampton alikuwa amewakataza kurekodi nje ya orkestra yake, lakini huko Stockholm na Paris vijana walitoka usiku kwa siri na kurekodi, na karatasi za Quincy zilikuwa ku meza.

Sasa tunafika mwaka wa 1956, na hapa historia ya jazi inaingia katika historia ya dunia. Serikali ya Marekani ilikuwa katika vita baridi na Urusi ya Kisovieti. Warusi walikuwa wakiambia watu wa Asia na Afrika: muone Waamerika wanavyotesa weusi wao. Na ilikuwa kweli. Mwaka ule ule weusi wa Montgomery walikuwa wanatembea kwa miguu, wakikataa mabasi yenye kuwatenga. Washington ikapata wazo: tutume jazi. Orkestra ya kwanza kutumwa ilikuwa ya Dizzy Gillespie, weusi na wazungu pamoja, wanaume na wanawake. Dizzy alikuwa Ulaya kikazi, kwa hiyo mwenye aliwachagua wapigaji, akaandika mipango na kuwafundisha mpaka bosi arudi, alikuwa Quincy Jones, wa miaka 23. Walianzia Abadan huko Irani, wakapita Pakistani, Lebanoni, Siria, Uturuki, Yugoslavia mpaka Ugiriki, kisha Amerika ya Kusini. Katika orkestra ile alikuwamo Melba Liston, mwanamke, mpiga tromboni na mpangaji wa nguvu. Wanaume wengine walinung'unika, mpaka siku walipopiga karatasi zake.

Mwaka ule ule wa 1956, mwezi wa sita, huko Léopoldville, vijana walianzisha OK Jazz. African Jazz ya Joseph Kabasele ilikuwa na miaka mitatu. Neno « jazz » lilikuwa limefika kwetu kabla ya jazi yenyewe, tunaweza kusema. Lilikuwa na maana ya orkestra ya kisasa. Jazi yenyewe ilitufikia kwa njia ile ile ya serikali, miaka minne kisha Dizzy. Mwisho wa Oktoba 1960 Louis Armstrong alifika Léopoldville, watu wakambeba ku tipoye kama mfalme, na mwezi wa Novemba akapiga hapa Élisabethville, katika Katanga iliyokuwa imejitenga. Wazee wengine wa mji huu waliokuwa vijana waliizungumzia tarumbeta ile maisha yao yote. Lakini historia haitupi ruhusa ya kukumbuka muziki peke yake. Siku Armstrong anapiga Léopoldville, Patrice Lumumba alikuwa amezungukwa na askari katika nyumba yake katika mji ule ule. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa karibu na hapa. Tarumbeta ilikuwa ya kweli, na wenye waliituma walikuwa na shabaha zao. Mambo mawili hayo yalikaa pamoja.

Turudi kwa Quincy. Munamo 1957 alihamia Paris, akafanya kazi na kampuni ya sahani ya Barclay, na akaenda kusoma kwa Nadia Boulanger, mama Mfaransa mwenye alifundisha watunzi wengi wakubwa wa karne ile. Kwa nini Paris? Yeye mwenyewe alieleza: kule Marekani mpangaji mweusi alipewa tarumbeta na saksofoni, lakini vinanda vya nyuzi, violini na vingine, vilikuwa vya wazungu. Huko Barclay alikuwa na nyuzi alivyotaka. Na somo la Boulanger alilirudilia mpaka uzee: sauti ni 12 tu, ujue kwanza wengine wote walifanya nini na 12 hizo.

Kisha likaja pigo. Munamo 1959 alipata kuongoza muziki wa mchezo mkubwa wa kuigiza, Free and Easy, wenye ulipaswa kuzunguka Ulaya kabla ya kurudi New York. Alikusanya orkestra ya ndoto zake. Clark Terry, mwalimu wake, aliacha kazi kwa Duke Ellington ili apige chini ya mwanafunzi wake. Melba Liston alikuwamo, na Patti Bown ku piano. Mchezo ukavunjika Paris mwanzoni mwa 1960. Ingekuwa busara kununua tiketi na kurudi. Quincy alikataa kuivunja orkestra. Kwa miezi kumi hivi alizunguka nayo Ulaya, wapigaji zaidi ya kumi na tano, wengine na bibi zao na watoto, bila mtu wa kuwatafutia kazi, kila juma akitafuta pesa ya juma lifuatalo. Aliuza haki za nyimbo zake. Aliporudi nyumbani alikuwa na deni la dola 145.000.

Hatuwezi kupita hapa bila kutaja kama katika baridi ile ile, mwisho wa Januari 1960, African Jazz ilifika Bruxelles kusindikiza wajumbe wa Meza ya Mviringo. Orkestra mbili za watu weusi katika Ulaya moja, masaa machache kwa treni kati yao. Ile ya Kongo, watu saba, ilirudi na wimbo wa uhuru ambao Afrika nzima iliucheza. Ile ya Quincy, yenye karatasi zilizoandikwa vizuri kuliko zote, ilirudi na madeni. Na katika siku zile za Bruxelles Kabasele alijuana na Manu Dibango wa Kameruni, mwenye alikuja Léopoldville munamo 1961 na kuleta saksofoni yake pamoja na desturi ya kuandika noti. Wapigaji wetu wengi walikuwa hawasomi noti. Mipango yao ilikaa kichwani, na ilikuwa mizuri. Lakini kichwa kinazikwa na mwenyewe.

Mkubwa wa kampuni ya Mercury alimsaidia Quincy kulipa, na kumpa kazi ya ofisi. Munamo 1964 akawa makamu wa rais wa kampuni ile, mweusi wa kwanza kufika cheo kama kile katika kampuni kubwa ya sahani ya wazungu. Huku anavaa kravati, huku anaandika. Mpango wake wa « I Can't Stop Loving You » kwa orkestra ya Count Basie ulimpatia tuzo ya Grammy ya kwanza. Mpaka mwisho wa maisha alikuwa na 28. Munamo 1964 aliandikia Basie na Frank Sinatra sahani nzima, na ndani yake « Fly Me to the Moon ». Wimbo ule ulikuwa wa valsi, mapigo matatu. Yeye akauweka ku mapigo manne, na watu wengi wakasahau kama uliwahi kuwa kitu kingine. Ukitaka kumjibu yule mwanafunzi wetu wa nyuma, msikilizishe wimbo huu kabla na kisha.

Kwa haki tuseme na hili. Billy Byers, mpiga tromboni na mpangaji, alikuwa msaidizi wake miaka ile, na alishika kalamu katika kazi nyingi zenye zilitoka kwa jina la bosi. Nyuma ya mtu asiyeonekana kulikuwa mwingine asiyeonekana zaidi. Sisi hatuoni kama hilo linampunguzia Quincy heshima yote, lakini linatuzuia kumfanya sanamu.

Sinema ilimchukua: The Pawnbroker, In the Heat of the Night, na zingine nyingi. Kazi ilikuwa ya mchana na usiku, na mwili ukakataa. Mwezi wa Agosti 1974, akiwa na miaka 41, mshipa wa damu ulipasuka ndani ya kichwa. Walimpasua mara mbili. Marafiki walikuwa wametayarisha mkusanyiko wa kumlilia; alipona, akaja kukaa katika mkusanyiko wake mwenyewe, daktari akimkataza asichangamke sana. Tena madaktari wakamwambia asipige tarumbeta tena: mkazo wa pumzi ungeweza kuondoa chuma kidogo walichofungia mshipa. Basi, tarumbeta ya Clark Terry ikawekwa chini. Mpiga tarumbeta wa kawaida angekuwa amekwisha. Yeye alikuwa na karatasi.

Tulichokijua sisi watoto wa miaka ya 1980, bila kujua jina lake, ni kile kilichokuja nyuma: Off the Wall munamo 1979, Thriller munamo 1982, sahani iliyouzwa kuliko zote duniani, na Bad munamo 1987, zote za Michael Jackson na zote zikiongozwa na Quincy. Shaba za sahani zile ziliandikwa sana na Jerry Hey, mpiga tarumbeta pia. Mzee alikuwa amejifunza kuwaachia wengine kalamu kwa majina yao. Na katika Bad kuna wimbo, « Liberian Girl », ambao mwanzoni sauti ya mwanamke, Letta Mbulu wa Afrika ya Kusini, inasema maneno machache ya mapenzi kwa Kiswahili. Tulikuwa wadogo, kaseti ilikuwa imechoka, lakini mtaa wote ulipiga kelele: « Ni Kiswahili! » Tulirudisha nyuma mara ishirini. Ni baadaye tu, ku shule, tuligundua kama Liberia hawasemi Kiswahili. Furaha yetu haikupungua.

Jambo la namna ile lilikuwa limekwisha kumpata Quincy. Usiku wa tarehe 28 Januari 1985, Los Angeles, aliongoza waimbaji zaidi ya 40 wenye majina makubwa kurekodi « We Are the World » kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Ku mlango alibandika karatasi ya kuwaomba waache majivuno yao nje. Katikati ya usiku Stevie Wonder alileta wazo kama waongeze maneno ya Kiswahili. Ubishi ukaanza, mwimbaji mmoja wa nyimbo za mashambani akachoka na kuondoka, na mwisho mtu akakumbusha kama Waethiopia hawasemi Kiswahili. Wazo likaachwa. Tunaelewa sababu, na walikuwa na haki. Hata hivyo, kila tunaposikia wimbo ule, tunangojea kidogo.

Munamo Julai 1991, huko Montreux katika Uswisi, alimshawishi Miles Davis apige tena mipango ya zamani ya Gil Evans, jambo ambalo Miles alikataa miaka mingi. Mingi ya mipango ile ilibidi itengenezwe upya, mpangaji mwingine, Gil Goldstein, akiketi na kazi hiyo sauti kwa sauti. Quincy alisimama mbele kuongoza. Miles alikuwa dhaifu, kijana Wallace Roney akapiga kando yake mahali pumzi ilipokosa. Mwezi wa Septemba Miles akafariki. Quincy mwenyewe aliishi mpaka tarehe 3 Novemba 2024, akafariki nyumbani kwake Los Angeles, na miaka 91.

Tunapofikiri juu ya Montreux, tunafikiri juu ya mzee mmoja wa hapa. Fanfari ya parokia tulimokulia ilikuwa na fundi mwenye alijifunza tarumbeta kwa mapadri kabla ya uhuru. Alikuwa na daftari la shule, la kurasa mia moja, ambamo aliandika kwa mkono sehemu ya kila mpigaji: nyimbo za misa, lakini pia rumba za zamani alizozipanga yeye kwa tarumbeta tatu, tromboni mbili na tuba. Tulimcheka sisi vijana, juu alikuwa anafunga daftari lile ndani ya plastiki kama mtu anavyofunga pesa. Alipofariki, tulichelewa miezi miwili kwenda kuliuliza. Watoto wake walitupokea vizuri, wakatutuma kwa mama mmoja mwenye kuuza karanga. Alikuwa amekwisha kufungia karibu yote. Alitupa karatasi 11 zilizobaki, na hakukubali tulipe.

Katika karatasi zile kuna rumba moja karibu nzima. Inakosa tarumbeta ya pili. Kwa bahati mtu alikuwa na kaseti ya sikukuu ya Pasaka ya miaka ile, ambapo fanfari inapiga wimbo huo huo ku uwanja wa kanisa, na vifijo vya mama juu yake. Kila Jumatano kisha masomo tunakaa na yule kijana wa nyuma kabisa, ambaye sasa anajifunza solfeji. Tumefika mstari wa sita. Juma lililopita alisimamisha kaseti akauliza: « Mwalimu, hapa ni re ao ni mi? » Sisi tulisema re. Yeye alisema mi. Tumerudisha nyuma.